Sinema ya Katuni ya Dakika Moja: Kazi Ambayo Kikundi Kinaiweza



Vijana katika vikundi vyenu wamekuwa wakituuliza: hizi sinema za katuni tunazoziona kwenye televisheni na kwenye simu, je, sisi hatuwezi kuzitengeneza? Wazee nao wana lao: na zikishatengenezwa zitatufaa nini, sisi ambao shida yetu ni maji, kipindupindu na karo za shule?

Maswali yote mawili ni ya haki. Jibu letu ni kwamba inawezekana, tena kwa vifaa ambavyo vingi mnavyo nyumbani. Lakini kuna sharti moja, nalo ndilo kiini cha makala hii. Mtazamaji hawezi kuuamini ujumbe wenu kama hajaamini kwanza mahali mnapomwonyesha. Akiona nyumba, jua, upepo na maji ya kwao atasema "hapa ni kwetu", na hapo ndipo atakapotega sikio. Akiona mahali pasipoeleweka atacheka kidogo, kisha ataenda zake.

Tumechukua Mji wa Kale wa Mombasa kuwa mfano. Si kwamba vijiji vyenu havifai, la. Wengi wenu mmewahi kupita pale mkienda Marikiti au kuangalia Fort Jesus, kwa hiyo mtatufuata vizuri. Mkishaelewa, kazi ile ile mtaifanya kwa kijiji chenu, iwe ni Kwale, Kilifi, Tana River au Taita.

KWA NINI KATUNI?

Wale waliopitia mafunzo ya DELTA, yaliyoanza hapa Kenya miaka ya 1970, wanazikumbuka zile picha za kuanzishia mazungumzo. Mwezeshaji alitundika picha ukutani, hakuhubiri, akauliza tu: "Mnaona nini hapa?" Basi watu wakaanza kusema. Njia hiyo ilitokana na mafundisho ya Paulo Freire wa Brazil. Katuni ni picha hiyo hiyo iliyopewa miguu.

Lakini katuni ina faida mbili ambazo kamera ya kawaida haina. Kwanza, haimwaibishi mtu. Mkitaka kuonyesha nyumba ambayo watoto wanaharisha, mtampiga picha nani? Hakuna atakayekubali, na akikubali majirani watamsema. Mtu wa karatasi hana jirani wa kumsema. Pili, katuni huonyesha kisichoonekana. Vijidudu vilivyo kwenye kidole cha mtoto havionekani kwa macho, lakini kwa katuni mtu ataviona vikitoka kidoleni na kuingia kwenye kikombe.

Wengine wametutangulia. Miaka ya 1990 UNICEF ilitoa hadithi za msichana aitwaye Sara kwa nchi za Afrika Mashariki na Kusini, kwa katuni, vitabu na redio, ili kutetea haki ya wasichana kusoma na kulindwa. Michoro yake ilipelekwa kwanza kwa watu wa nchi mbalimbali, wakaitazama na kutoa maoni, ndipo kazi ikaendelea. Mwaka 2010 zilianza kuonyeshwa Tinga Tinga Tales, hadithi za wanyama zilizotengenezwa Nairobi kwa mtindo wa michoro ya Edward Saidi Tingatinga wa Tanzania. Mwaka 2014 Ubongo Kids ilianza Dar es Salaam, ikifundisha watoto hesabu na sayansi kwa Kiswahili. Hizo ni kazi za watu wengi na fedha nyingi. Sisi tutaanza na dakika moja.

HADITHI YETU YA MFANO

Tuseme kikundi kimechagua hadithi hii, tuiite "Mtungi na Kata". Alfajiri, muuza maji anasukuma mkokoteni katika Mji wa Kale. Anateremsha mtungi mmoja wa lita 20 mlangoni kwa bibi mmoja. Maji ni safi. Mjukuu anatoka kucheza, mikono michafu, anachovya kikombe ndani ya mtungi mpaka mkono unaingia majini. Hapo tunaviona vijidudu. Bibi naye anakwenda kuteka kwa kata ya kifuu cha nazi yenye mpini mrefu, ambayo hutundikwa ukutani; mkono wake haugusi maji. Ghafla anasimama, anatazama mtungini. Mwisho.

Hadithi hii ni ndogo lakini ni ya kweli. Maji mengi huchafukia nyumbani baada ya kutoka safi kwenye bomba. Mombasa hutegemea maji yatokayo mbali, kama vile Mzima Springs na Baricho kwenye mto Sabaki. Bomba likikauka, watu hununua kwa mitungi, na visima vingi vya kisiwani ni vya maji ya chumvi. Kwa hiyo mtungi ni jambo ambalo kila mtu analijua, na kipindupindu si hadithi tu pwani hii.

KWANZA TAZAMENI MAHALI

Kabla ya kushika mkasi, nendeni mkatazame. Pelekeni daftari na penseli, mkae mahali pamoja saa nzima. Mtu akichora kwa kukisia, atachora "mji wa Waswahili" kama ulivyo kwenye kadi za watalii: mnazi mmoja, jahazi moja, mlango wa nakshi, basi. Mwingine, aliyesikia habari mbaya tu, atachora vichochoro vya giza na vijana wa dawa za kulevya. Mkaazi wa pale akiona picha ya kwanza au ya pili atasema, "Hawa si sisi." Na mtu ukishamwonyesha kwao kwa uongo, hatakusikiliza unapomwambia habari za maji yake.

Haya ni baadhi ya mambo ya kutazama:

1. Nyumba. Nyingi za zamani zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, boriti za mikoko na chokaa. Ukuta wa namna hiyo haunyooki kama wa matofali ya kiwandani. Pembe zake zimelainika, na plasta ikibanduka mawe huonekana. Juu kuna roshani za mbao zilizotokeza njiani, na paa nyingi ni za mabati. Msisahau nyaya za umeme, madishi ya televisheni na nguo zilizoanikwa. Hayo ndiyo yanayoonyesha kwamba mji una watu leo, na si makumbusho.

2. Jua. Mji wa Kale uko upande wa mashariki wa kisiwa, unatazamana na Nyali ng'ambo ya maji. Kwa hiyo asubuhi mwanga hutoka baharini, na jioni bandari ya zamani huingia kivulini mapema kwa sababu jua liko nyuma ya mji. Adhuhuri jua huwa karibu na utosi na kivuli ni kifupi. Hadithi yetu ni ya alfajiri, hivyo mwanga utoke upande wa maji katika picha zote. Ukitoka kulia kwenye picha moja na kushoto kwenye nyingine, mtazamaji atachanganyikiwa, hata kama hawezi kueleza kwa nini.

3. Upepo. Mnajua wenyewe: kaskazi huvuma kuanzia Desemba hivi mpaka Machi, kusi huanza Aprili. Amueni hadithi ni ya msimu gani. Bendera, moshi, majani ya mnazi na kanga kwenye kamba vyote vielekee upande mmoja.

4. Bahari. Wakati wa bamvua tofauti ya maji kujaa na kupwa Mombasa hupita mita 3, na kutoka kupwa hadi kujaa ni kama saa 6. Mkichora mashua inaelea, na dakika hiyo hiyo ya hadithi mkaichora imekaa kwenye matope, mvuvi atakayeitazama atajua mmemdanganya saa 6.

Halafu kuna jambo la heshima. Wakaaji wengi wa Mji wa Kale ni Waislamu, na pale pana misikiti ya zamani kama Mandhry, unaohesabiwa kuwa wa mwaka 1570 hivi. Anayetoka parokiani akifika pale ni mgeni kwa jirani, basi apige hodi. Salimieni, elezeni mnachora nini na kwa nini, mwonyesheni mzee wa mtaa michoro yenu. Msipige picha ndani ya nyumba za watu wala akina mama bila idhini. Na mkitaka kupiga picha za sinema ndani ya Fort Jesus, ulizeni kwanza Makavazi ya Kitaifa ya Kenya, maana ndiyo yanayoisimamia.

MEZA YA KIOO

Mwaka 1926 mwanamke wa Ujerumani, Lotte Reiniger, alimaliza sinema ndefu ya katuni iliyotokana na hadithi za Alfu Lela Ulela, zile zile zinazosimuliwa hapa pwani. Ni sinema ndefu ya katuni iliyo ya zamani kuliko zote ambazo bado zipo. Hakuwa na kompyuta. Alikata watu na majumba kwa karatasi nyeusi, akaunganisha viungo kwa waya, akavilaza juu ya kioo chenye taa chini, na kamera ikawa juu inatazama chini. Alisogeza kidogo, akapiga picha, akasogeza tena.

Njia hiyo inatufaa sana. Sura ya mtu haihitaji kuchorwa, kwa maana yote ni kivuli, na Mji wa Kale unatambulika hata kwa kivuli tu: roshani, mnara, mlingoti wa jahazi, ukuta wa Ngome.

Mtahitaji: kioo cha dirisha kuukuu, makasha mawili ya kukiweka juu yake, karatasi nyeupe nyepesi, balbu ya LED (haipati moto mwingi), manila nyeusi, mkasi, wembe, uzi, na simu moja yenye kamera. Zungusheni seloteipu kwenye kingo za kioo ili kisikate mtoto. Tandazeni karatasi nyepesi chini ya kioo, mwanga upite bila balbu yenyewe kuonekana.

Simu ifungwe kwenye ubao juu ya meza, itazame chini, isitikisike kabisa. Ikisogea hata kidogo, nyumba zote za Mji wa Kale zitaruka. Fungeni madirisha na mapazia, maana wingu likipita nje mwanga utabadilika na sinema itapepesa kama taa mbovu. Simu nyingi pia hujirekebishia mwanga zenyewe. Bonyezeni kioo cha simu kwa kidole mkishikilie mpaka ijifunge. Iko programu iitwayo Stop Motion Studio, yenye toleo la bure, ambayo hupiga picha moja moja na kukuonyesha ile iliyopita kwa ukungu ili ujue umesogeza kiasi gani.

TABAKA TATU

Mahali pa hadithi msipakate kama ukuta mmoja. Pagawanyeni mara tatu: mbali, katikati na karibu. Mbali ni ng'ambo ya Nyali na maji, ikatwe kwa karatasi nyepesi ya kijivu. Katikati ni nyumba za njia, ambako watu watapita. Karibu ni kitu kimoja tu pembeni mwa picha, pengine nguzo ya roshani au nusu ya mlango, kikatwe kwa karatasi nyeusi kabisa. Macho yetu yamezoea hivyo: cha mbali hufifia na cha karibu hukolea.

Sasa mnataka muuza maji aonekane anasafiri. Mwacheni abaki katikati ya picha akitembea papo hapo, kisha mtembeze mji nyuma yake. Kila picha, sogezeni tabaka la karibu milimita 6, la katikati milimita 3, la mbali milimita 1. Mtu aliyewahi kukaa dirishani kwenye matatu ataelewa mara moja: miti ya kando ya barabara hukimbia, vilima vya mbali hutembea polepole.

HESABU YA PICHA

Sinema ni picha nyingi zisizotembea, zinazopitishwa haraka mpaka jicho linadanganyika. Kwa kawaida ni picha 24 kwa sekunde moja. Katika katuni nyingi kila picha hutumiwa mara mbili, hivyo picha 12 kwa sekunde zinatosha. Dakika moja basi ni picha 720. Tuzigawe:

Mkokoteni njiani: sekunde 15, picha 180.
Mtungi unateremshwa: sekunde 10, picha 120.
Mjukuu anachovya kikombe: sekunde 10, picha 120.
Vijidudu: sekunde 15, picha 180.
Bibi na kata: sekunde 10, picha 120.

Mkipiga picha 60 kwa saa, ni saa 12 za kazi, sawa na Jumamosi tatu za saa nne nne. Na pale mtu anaposimama kimya hampigi picha mpya. Ile moja hurudiwa. Bibi akitazama mtungini kwa sekunde 2, picha 24 zimepatikana kwa kupiga moja. Kwa hesabu hii mnaona kwa nini tunasema dakika moja. Kikundi kikianza na sinema ya nusu saa, kitachoka kabla mkokoteni haujafika mlangoni.

KUMTEMBEZA MTU WA KARATASI

Mkateni mtu wa urefu wa sentimita 15 hivi. Viungo vyake viwe vipande mbalimbali: kichwa, kiwiliwili, mkono juu na chini ya kiwiko, mguu juu na chini ya goti. Unganisheni kwa uzi wenye fundo pande zote mbili, viungo vizunguke bila kulegea.

Kutembea kwa kawaida ni hatua mbili kwa sekunde, yaani picha 12 kwa hatua mbili. Mguu wa kulia ukienda mbele, mkono wa kushoto nao uende mbele. Mwili hushuka kidogo mguu unapokanyaga, hupanda kidogo mguu mwingine unapopita. Mkisahau kupanda na kushuka huko, mtu wenu ataonekana anateleza kama aliye juu ya barafu.

Lakini jambo kubwa zaidi ni uzito. Lita 20 za maji ni kilo 20. Mwambieni kijana mmoja abebe mtungi uliojaa, nyote mmtazame. Mwili unaegemea upande wa pili, mkono mtupu unanyooka, hatua zinafupika. Kabla ya kuinua, kwanza anainama, anashusha pumzi, ndipo anainua. Mkokoteni vile vile: kuuanzisha ni kazi, msukumaji analala mbele na gurudumu linaanza polepole, ukishashika mwendo anainuka kidogo. Kwa hiyo mwanzoni sogezeni milimita 1, kisha 2, kisha 3, na wakati wa kusimama punguzeni vivyo hivyo. Sinema isiyo na uzito huonyesha mitungi mitupu, na muuza maji akiona atajua hamjawahi kuisukuma.

MAJI, MOSHI NA VIJIDUDU

Msijaribu kuchora kila wimbi. Kateni vipande viwili virefu vya karatasi nyepesi vyenye kingo za mawimbi. Kimoja kisogee kushoto, kingine kulia, kidogo kidogo, na bahari itacheza. Moshi wa jikoni ni sufi au pamba iliyovutwa ikawa nyembamba sana, isogezwe juu na kuelekea upande wa upepo mliochagua. Mvua ni mikwaruzo ya wino mweupe kwenye karatasi ya plastiki inayopitisha mwanga. Jalada la faili kuukuu latosha. Mifuko ya plastiki ya dukani msiitafute, imepigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017. Mwanga wa alfajiri unapatikana kwa kuweka karatasi ya rangi ya chungwa chini ya kioo upande wa bahari, na kuivuta taratibu jua linapopanda.

Vijidudu ndiyo sehemu ya kuangalia sana. Vikijitokeza ghafla, vikubwa kama kunguru, mtazamaji atasema: "Kwetu hakuna wadudu kama hao, basi maji yetu ni salama." Kwa hiyo mwongozeni jicho lake. Onyesheni mkono mzima wa mtoto. Kisha duara dogo la mwanga lijitokeze kwenye ncha ya kidole, likue pole pole mpaka lijaze picha, kidole kikionekana muda wote kinakuwa kikubwa. Hapo ndipo vijidudu vionekane, vinatembea na kuangukia majini. Halafu duara lirudi dogo, mkono uwe wa kawaida tena. Sasa ameelewa kwamba ni vile vile vidogo, ila tumevisogeza karibu.

Na hata huko kusikoonekana, msidanganye. Kijidudu cha kipindupindu hakina meno wala pembe. Kina umbo la alama ya mkato, na mkia mmoja mwembamba wa kuogelea. Ni kidogo mno: mamia kadhaa vikipangwa mstari mmoja ndipo vifikie milimita 1. Chukueni wino, vichoreni hivyo kwenye karatasi ya plastiki, mpitishe juu ya kioo. Mkiwachorea watoto majini na mashetani, wataogopa usiku lakini hawatanawa mikono.

SAUTI

Rekodini sauti mapema, hasa maneno, ili mjue kila tendo lachukua sekunde ngapi. Mji wa Kale una sauti zake: gurudumu la mkokoteni juu ya mawe, vikombe vya muuza kahawa vikigonganishwa, kunguru, honi ya tuktuk, adhana kwa mbali. Nendeni mkazirekodi zenyewe kwa simu. Maji yakimiminwa rekodini maji yakimiminwa kwenye mtungi, si kwenye sufuria, maana mlio wake ni mwingine. Muziki wa watu wengine msiutumie bila ruhusa; kwaya na wapiga ngoma mnao.

KUGAWANA KAZI NA KUONYESHA

Watu saba wanatosha: msimulizi, wachoraji wawili, mkataji, mwenye kusogeza, mpiga picha, na mwenye kuandika hesabu ya picha. Bibi ambaye hajawahi kushika kompyuta ndiye pengine anayejua kata inavyoshikwa, basi ndiye mwalimu wa siku hiyo. Vijana wanaotaka kuendelea zaidi wajue kuna programu za bure za kompyuta kama Krita ya kuchorea na Blender. Kwa Blender ilitengenezwa sinema ya Flow ya Gints Zilbalodis wa Latvia, iliyopata tuzo ya Oscar mwaka 2025. Mombasa penyewe iko Swahilipot Hub, karibu na Fort Jesus, ambako vijana hukutana kwa mambo ya sanaa na teknolojia.

Kabla ya kuonyesha hadharani, wasilianeni na Bodi ya Kuainisha Filamu ya Kenya mjue sheria inataka nini. Kisha waonyesheni kwanza watu watano wasio wa kikundi, bila kueleza lolote. Waulizeni: hapa ni wapi? Ni saa ngapi? Huyu amebeba nini? Wale vijidudu ni vikubwa kiasi gani? Wakikosea, rekebisheni picha, msiwalaumu.

Siku ya kuonyesha, mwezeshaji asikimbilie kuhubiri juu ya kuchemsha maji, kufunika mitungi na kunawa mikono. Bibi amesimama anatazama mtungini. Zimeni simu, mwulize tu: "Ameona nini?" Mara nyingi jibu litatoka kwa mama aliyekaa nyuma kabisa, na litakuwa na nguvu kuliko letu, kwa sababu ni la mtu wa pale pale.

MASWALI YA KUJADILIANA KIKUNDINI

1. Ni jambo gani moja katika kijiji chetu ambalo haliwezi kuonyeshwa kwa kamera bila kumwaibisha mtu?
2. Tukichora kijiji chetu, ni vitu vitatu gani ambavyo mgeni angevisahau lakini sisi tungevitambua mara moja?
3. Asubuhi mwanga wetu unatoka upande gani? Upepo je?
4. Nyumbani kwetu maji yanatekwa na nini, na chombo hicho kinawekwa wapi baada ya kuteka?
5. Nani kikundini anaweza kukata, nani kuhesabu, nani kusimulia? Tutaanza Jumamosi gani?

Mungu abariki kazi ya mikono yenu.